Magenge Gerezani: Kuyatambua, Kuyadhibiti na Wajibu wa Mkazi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi, wazee wa mitaa, viongozi wa dini na wasimamizi wa vikundi vya vijana katika kikao cha usalama wa jamii. Inachapishwa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mada ya leo inaweza kuonekana kuwa ya mbali. Magereza yako chini ya Serikali ya Kitaifa, si chini ya kaunti. Kuta zake ni ndefu, na mkazi wa kawaida hupita nje ya lango bila kujua yanayoendelea ndani. Lakini kila mfungwa ametoka katika kijiji au mtaa fulani, na wengi wao watarudi huko huko. Watakayojifunza ndani, na watu watakaofungamana nao ndani, watarudi nao.

Chukulia mfano wa mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Kijana wake wa miaka 19 ameshikwa kwa kosa la kuiba simu. Mahakama imempa dhamana lakini familia haina pesa za kulipa, kwa hivyo amepelekwa rumande kungoja kesi. Wiki ya pili, jioni, mama anapigiwa simu na namba asiyoijua. Anayepiga anamtaja kijana kwa jina, anasema analala naye chumba kimoja, na kwamba kijana anahitaji "kulindwa". Zinatakiwa shilingi 2,000 kufikia kesho asubuhi. Mama anakopa kwenye chama, anatuma. Wiki inayofuata simu inalia tena.

Mama huyo hana njia ya kujua kama aliyepiga ni mlaghai tu aliyelipata jina la mwanawe mahali fulani, au ni mtu anayemshikilia mtoto wake kweli. Ikiwa ni la pili, mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja. Kwanza, genge limepata mapato. Pili, kijana ana deni kwa watu waliomlinda, na deni la gerezani halilipwi kwa pesa peke yake. Hulipwa kwa kubeba ujumbe, kuficha simu, kumpiga mtu aliyeelekezwa ampige. Aliingia kwa kosa la simu moja. Anaweza kutoka akiwa mwanachama wa genge.

Swali la hotuba hii ni rahisi. Ni pengo gani linalolipa genge nafasi ya kumpigia mama huyu simu, na pengo hilo linazibwa vipi?

Genge ni nini, na si nini

Wafungwa wanaotoka kijiji kimoja wakila pamoja, hilo si genge. Wanaosali pamoja, wanaozungumza lugha moja, wanaocheza mpira timu moja, hao nao si genge. Binadamu yeyote akiwekwa mahali pa hofu hutafuta watu wake. Askari wa magereza anayewaita wote hao genge atajaza daftari majina, na genge lenyewe litampita pembeni.

Genge la gerezani hutambulika kwa mambo manne yakiwa pamoja. Lina jina au alama inayolitenga na wengine. Lina vyeo, yaani kuna anayetoa amri na kuna anayetii. Lina sheria na adhabu zake, mbali na zile za gereza. Na lina mapato: bangi, sigara, simu, vyakula, au fedha zinazotozwa wafungwa wengine na jamaa zao. Likikosa moja kati ya hayo, huenda ni kikundi cha marafiki au wahuni wachache wanaosumbua. Yakikamilika yote manne, hiyo ni serikali ndogo ndani ya gereza.

Serikali ndogo ya namna hiyo inaweza kudumu sana. Nchini Afrika Kusini kuna magenge ya gerezani yanayojulikana kwa namba: 26, 27 na 28. Kila namba ina kazi yake, vyeo vyake na masimulizi yake. Wanachama hujihesabu kuwa warithi wa mtu aliyeitwa Nongoloza Mathebula, aliyezaliwa mwaka 1867 na kuongoza kundi la majambazi katika vilima vya karibu na Johannesburg. Mwaka 1912 Nongoloza mwenyewe alitoa maelezo yake kwa maafisa wa magereza na kuachana na kundi lake. Yeye aliondoka, lakini utaratibu aliouanzisha ulibaki. Zaidi ya miaka 100 imepita, na namba hizo bado zipo katika magereza ya nchi hiyo. Kwa miaka mingi yalikuwa magenge ya ndani tu. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, magenge ya mitaani ya Cape Town yalianza kujifunganisha nayo, na vyeo vya gerezani vikaanza kutumika nje. Hiyo ni sababu ya kwanza ya mkazi kujali mada hii.

Somo la Texas: mnyapara alipoondoka

Ili kuelewa genge linaingilia wapi, jimbo la Texas nchini Marekani ni mfano ulioandikwa vizuri.

Kwa miaka mingi magereza ya Texas yalikuwa na askari wachache sana. Kazi ya kulinda mabweni ilifanywa na wafungwa waliochaguliwa na wakubwa wa gereza. Mtu aliyewahi kukaa jela Afrika Mashariki atalifahamu jambo hilo mara moja, kwa sababu lina jina: unyapara. Wanyapara wa Texas waliamua nani alale wapi, waliripoti wenzao, na waliwapiga. Wengine walibeba silaha huku askari wakitazama. Magereza yalionekana kuwa na utulivu, lakini utulivu huo ulitokana na hofu.

Mwaka 1972 mfungwa mmoja, David Ruiz, aliandika malalamiko yake kwa mkono na kuyapeleka katika mahakama ya serikali kuu ya Marekani. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 1980 Jaji William Wayne Justice aliamua kwamba hali ya magereza hayo ilivunja Katiba ya Marekani, kwa sababu ya msongamano, matibabu mabaya, ukatili na mfumo wa unyapara. Miaka michache baadaye wanyapara waliondolewa.

Uamuzi ulikuwa wa haki. Kosa lilikuwa katika utekelezaji. Mnyapara alitolewa kabla ya askari wa kutosha kuajiriwa na kufundishwa kushika nafasi yake. Usiku bwenini hakukuwa na mnyapara wala askari. Mfungwa mgeni aliyeogopa kupigwa au kunajisiwa alimkimbilia nani? Alikimbilia kundi lolote lililosema litamlinda. Magenge ambayo awali yalikuwa madogo yaliota haraka, yakapigania biashara na heshima. Katika mwaka 1984 na 1985 wafungwa 52 waliuawa na wafungwa wenzao katika magereza ya jimbo hilo, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilihusishwa na magenge.

Septemba 1985 wakuu wa magereza walifunga wafungwa vyumbani kwa wingi, na waliotambuliwa kuwa wanachama wa magenge wakatengwa. Askari waliongezwa. Mauaji yalishuka sana mwaka uliofuata. Baadaye Texas iliongeza hatua nyingine muhimu: mpango maalumu wa kumwezesha mwanachama anayetaka kujitoa ajitoe salama, kwa hatua, kwa mafunzo, na kurudishwa polepole kati ya wafungwa wengine.

Kuna mambo matatu ya kukumbuka kutoka Texas. Genge hujaza pengo la ulinzi. Kuwatenga wanachama kunaweza kuzima moto unaowaka, lakini hakuzibi pengo. Na mtu asipopewa njia ya kutoka, atabaki humo hata kama amechoka.

Dalili ambazo afisa makini huzitafuta

Kutambua genge huanza kwa kuangalia mambo madogo ya kila siku. Tatuu ni dalili, lakini ni dalili dhaifu, maana vijana wengi huchora miili yao kwa mapambo tu. Afisa makini huangalia zaidi jinsi watu wanavyoishi.

Je, kuna mfungwa asiyefanya kazi lakini hakosi sigara, sabuni na chakula cha ziada? Je, kuna wengine wanaofua nguo zake na kumpisha kwenye foleni? Je, mfungwa mpya ameomba ghafla kuhamishwa bweni bila kueleza sababu? Je, kuna anayekataa kwenda uwanjani, au anayejitakia adhabu ili afungiwe peke yake? Mtu anayeomba afungiwe peke yake mara nyingi anamkimbia mtu mwingine.

Kuna pia dalili za bweni zima. Kelele zikizima mfungwa fulani akiingia. Majeraha yanayoelezwa kila mara kuwa ni kuteleza bafuni. Wafungwa kujikusanya upya kwa makundi ambayo hayakuwapo wiki iliyopita. Bei ya sigara kupanda ghafla, maana yake kuna mtu amezikusanya au kuna ugomvi unaokuja. Na malalamiko kukoma kabisa. Gereza lisilo na malalamiko hata moja halimaanishi kwamba kila mtu ameridhika. Linaweza kumaanisha kwamba wafungwa wameshapata mahali pengine pa kupeleka malalamiko yao.

Dalili nyingine hupatikana nje ya bweni: namba moja ya simu inayopokea fedha kutoka kwa familia nyingi zisizojuana, mgeni mmoja anayetembelea wafungwa wengi wasio jamaa zake, barua zenye maneno yasiyoeleweka. Dalili hizi huwa na maana zikiandikwa, zikawekwa pamoja na kulinganishwa. Afisa wa zamu ya usiku akiona jambo na asiliandike, afisa wa asubuhi ataanza upya.

Hatari ya kumbandika mtu jina

Kuna upande wa pili wa kutambua, nao ni wa haki. Jina la genge likiandikwa kwenye faili ya mtu, linamfuata. Linaweza kuathiri mahali atakapolala, msamaha wake, na atakavyopokelewa nyumbani.

Jimbo la California nchini Marekani lilipitia jambo hilo. Gereza la Pelican Bay lilifunguliwa mwaka 1989, likiwa na sehemu maalumu ya kuwatenga wafungwa waliohesabiwa kuwa hatari. Mtu aliyetambuliwa kuwa mwanachama wa genge aliweza kuwekwa humo bila muda maalumu, hata kama hakuwa amempiga mtu. Ushahidi uliotumika ulikuwa pamoja na michoro, barua, au jina lake kupatikana katika karatasi za mwingine. Njia kuu ya kutoka ilikuwa kuwataja wenzake, jambo ambalo lingeweza kumgharimu maisha, au jamaa zake. Mamia ya watu walikaa katika upweke huo kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2013 wafungwa wapatao 30,000 katika magereza ya jimbo hilo walianza mgomo wa kula. Wajumbe wa makabila yaliyokuwa maadui walikuwa wameshakubaliana kuacha uhasama ili waungane. Mwaka 2015 jimbo lilikubali, katika mapatano ya kesi, kutomtenga mtu bila kikomo kwa sababu tu ya kuhesabiwa kuwa mwanachama wa genge. Kuanzia hapo, adhabu hiyo ilitakiwa kufuata tendo alilofanya, na iwe na mwisho.

Mwaka huo huo wa 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni hizo zinakataza kumfungia mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Zinakataza pia mfungwa kupewa madaraka ya kuwaadhibu wenzake, yaani unyapara. Na zinataka mahabusu watengwe na waliokwisha hukumiwa, na vijana watengwe na watu wazima. Ukizisoma kanuni hizo ukiwa na magenge akilini, utaona kwamba zinamlinda mfungwa, na pia zinaziba mianya ambayo genge hupitia.

Kudhibiti: hatua zinazofanya kazi pamoja

Hatua ya kwanza ni mapokezi. Saa 48 za kwanza ndizo ambazo mfungwa mpya huogopa zaidi, na ndipo genge humfikia. Afisa anayempokea anapaswa kumuuliza kwa faragha: una adui humu ndani? Una deni? Kuna mtu umeshtakiwa naye ambaye unamhofia? Kijana wa kosa dogo hapaswi kulala na mtu wa kosa la ujambazi kwa sababu tu nafasi imepatikana hapo.

Hatua ya pili ni uwepo wa askari. Ulinzi wa askari aliye mbali na bweni haumfikii anayeshambuliwa. Askari wanaotembea, wanaojua majina, wanaosikiliza na kujibu maombi madogo ya haki, hulipunguzia genge wateja. Mfungwa akipata sabuni, blanketi, matibabu na jibu la lini kesi yake itasikilizwa, hana haja ya kuvinunua kwa mtu. Mwenye njaa hana miko, na mfungwa anayekosa vitu vya lazima atavitafuta popote.

Hatua ya tatu ni simu. Mfano wa Brazil unaeleza kwa nini. Oktoba 1992, katika gereza la Carandiru mjini São Paulo, wafungwa 111 waliuawa polisi walipoingia kuzima ghasia. Mwaka uliofuata, katika gereza la Taubaté, wafungwa wachache walianzisha kundi linaloitwa PCC, wakisema wanataka kuzuia mauaji kama hayo na kupinga dhuluma. Wakuu wa magereza waliwahamisha viongozi wa kundi kwenda majimbo mengine, na viongozi hao wakaeneza kundi huko walikopelekwa. Februari 2001 wafungwa wa magereza 29 walifanya maasi kwa wakati mmoja, wakiratibu kwa simu za mkononi. Mei 2006, baada ya viongozi kuhamishwa tena, magereza mengi yaliasi na mashambulizi yakafanywa mitaani dhidi ya polisi na mabasi. Mamia ya watu walikufa katika siku hizo, wengi wao mikononi mwa maafisa wa usalama waliolipiza kisasi.

Brazil inafundisha kwamba kumhamisha kiongozi bila mpango ni kuisambaza mbegu. Inafundisha pia kwamba simu moja iliyofichwa inaweza kuwa na nguvu kuliko ukuta. Lakini kupekua vyumba peke yake hakutoshi. Simu haiotei ndani ya seli. Kuna aliyeiingiza, na mara nyingi kuna aliyelipwa. Kwa hivyo upekuzi wa wafungwa lazima uende pamoja na uadilifu wa askari: ukaguzi wa kila anayeingia langoni bila kujali cheo, kubadilisha zamu, na kuwashtaki wanaopokea hongo. Vilevile lazima kuwe na simu halali ambayo mfungwa anaweza kuitumia kuwasiliana na nyumbani, kwa sababu anayekosa ya halali atakodi ya genge.

Hatua ya nne ni njia ya kutoka. Anayetaka kuacha genge anahitaji mahali salama pa kulala, kazi au mafunzo ya kufanya, na uhakika kwamba maneno yake hayatasomwa na adui zake kesho. Bila hayo, onyo la afisa ni maneno matupu.

Kenya, na nafasi ya kaunti

Kenya ina sheria ya kupambana na magenge. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa, na mwaka huo huo serikali ikatangaza makundi 33 kuwa haramu. Marufuku hiyo inawezesha polisi kushika na mahakama kuhukumu. Haielezi mwanachama wa kundi haramu akishafungwa alale na nani. Hilo huamuliwa kila jioni katika kila gereza, na msongamano hufanya uamuzi huo kuwa mgumu.

Wakenya wengi wanaufahamu pia ulaghai wa simu unaofanywa kutoka ndani ya magereza: ujumbe wa pesa "zilizotumwa kimakosa", wa kazi isiyokuwepo, wa mtoto aliyeanguka shuleni. Watu huucheka, lakini ni biashara inayohitaji simu, laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, mtu wa nje wa kutoa pesa, na mtu wa kufumba macho. Hapo pana mapato na mgawanyo wa kazi, na penye mambo hayo vyeo na adhabu haviko mbali.

Pengo kubwa ambalo jamii inaweza kusaidia kuliziba ni idadi ya watu wanaoingia rumande bila ulazima. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 49, inampa mtu aliyeshikwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadri, ila pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Kifungu hicho kinasema pia kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Tangu mwaka 1998 Kenya ina Sheria ya Utumishi wa Jamii, inayoiruhusu mahakama kumpa mkosaji kifungo cha nje, afanye kazi ya umma bila malipo, pale ambapo kifungo chake kisingezidi miaka mitatu.

Hapo kaunti inaingia. Kazi ya umma inahitaji mahali pa kufanyiwa, kama vile soko, zahanati, kitalu cha miche au barabara ya mtaa. Mafunzo ya ufundi ya vijijini ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba, na kijana aliyetoka gerezani anaweza kujifunza ushonaji, uashi au ufundi wa umeme kama kijana mwingine. Udhibiti wa dawa za kulevya nao umo katika majukumu ya kaunti. Kijana anayerudi mtaani na kukosa kazi, akakataliwa nyumbani na kunyooshewa kidole dukani, atapokelewa na watu wale wale aliowaacha ndani. Wao hawatamuuliza cheti cha tabia njema.

Mkazi afanye nini

Kwanza, usitume pesa kwa namba usiyoijua kwa sababu ya vitisho, hata kama anayepiga anamjua mtoto wako kwa jina. Andika namba hiyo, saa na maneno yaliyosemwa. Ripoti kwa polisi, na uende gerezani mwenyewe ukamwone afisa msimamizi. Omba kumwona mtoto wako siku hiyo. Kama kweli anatishwa, omba ahamishwe bweni, na umweleze pia wakili wake au hakimu siku ya kesi kutajwa. Ukitaka kumwekea mfungwa fedha, uliza njia rasmi katika afisi ya gereza na udai risiti.

Pili, tembelea. Mfungwa anayetembelewa ana mtu wa kumwambia. Anayesahaulika na jamaa zake ndiye genge humwita "ndugu" kwa urahisi zaidi. Viongozi wa dini wanaokwenda gerezani wawakumbuke wale ambao hakuna anayewaulizia langoni.

Tatu, mkopeshe mtu jina lako kwa uangalifu. Usimsajilie mtu laini ya simu kwa kitambulisho chako, wala usikubali akaunti yako ipokee pesa usizozijua. Laini hiyo inaweza kuishia mikononi mwa genge, na polisi watakaoifuatilia watafika kwako.

Nne, afisa wa probesheni akija mtaani kuuliza habari za kijana aliyeshikwa, mweleze ukweli. Ripoti yake humsaidia hakimu kuamua dhamana au kifungo cha nje. Wengine hunyamaza kwa hasira ya wizi. Hasira hiyo inaeleweka, na aliyeibiwa ana haki ya kufidiwa. Lakini mwizi wa simu akikaa miezi mingi rumande na majambazi, mtaa hautakuwa umepungukiwa na mwizi. Utakuwa umempeleka shule.

Tano, anayerudi apokelewe kwa masharti. Chifu, wazee na familia wakae naye, aelezwe kinachotarajiwa kwake, aonyeshwe pa kuanzia, na ajulikane kwa kazi anayofanya sasa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Yule mama wa sokoni anahitaji vitu vitatu tu ili simu ile ya jioni isimtetemeshe: ajue mtoto wake analala mahali salama, ajue afisi ya kwenda akiwa na wasiwasi, na ajue kesi itasikilizwa lini. Serikali ya Kitaifa, mahakama, kaunti na majirani wakimhakikishia mambo hayo matatu, anayempigia atakuwa hana cha kumuuzia. Wasipofanya hivyo, ataendelea kukopa kwenye chama, na mwanawe ataendelea kulipa lile deni lingine ambalo yeye halioni.